Liefer, Afadhali na Radhi

Waingereza wana neno la kale la kuchagulia, liefer, ambalo leo ukilitamka mbele ya vijana wa London watakuomba urudie. Limetokana na lief, maana yake "kipenzi" au "chenye kupendeza", na ile -er ya mwisho inaongeza kiwango, kama inavyofanya katika sooner. Basi liefer ni "kwa kupenda zaidi". Mtu wa zamani aliyesema kwamba angekwenda kwa miguu liefer kuliko kupanda farasi hakuwa na maana kwamba miguu ina faida, wala kwamba ingemfikisha upesi. Alikuwa anasema huko ndiko moyo wake uliko.

Nimefundisha Kiingereza na Kiswahili sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika maneno yote ya kigeni niliyowaeleza wanafunzi, hili ndilo lililonirudisha kwenye Kiswahili nikakiangalia upya. Nataka kusimulia lilivyoniingia, lilivyohusika na uamuzi mkubwa wa maisha yangu, na kwa nini naamini wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kulichukulia kama onyo.

Swali la klabu ya fasihi

Nilikuwa mwalimu katika shule ya sekondari ya wasichana mjini Tanga. Vipindi vikiisha alasiri, klabu ya fasihi ilikutana, na muhula mmoja tuliamua kusoma tamthilia moja kwa lugha mbili: Julius Caesar ya William Shakespeare, ya mwaka 1599, na tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere. Tafsiri hiyo ilitoka kwanza mwaka 1963, uhuru wa Tanganyika ukiwa bado mchanga. Baadaye Mwalimu aliirudia, akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka ule ule alipotoa Mabepari wa Venisi. Nilikuwa nikiwaambia wasichana wangu: huyu alisomesha sekondari Tabora na Pugu kabla ya kuwa rais, na hata alipokuwa na nchi nzima ya kuongoza hakuidharau kazi ya kukaa na sentensi moja mpaka ikubali.

Tukafika onyesho la pili la sehemu ya kwanza. Cassius anamvuta Brutus pembeni na kuanza kumtia maneno dhidi ya Kaisari. Anamsimulia walivyoshindana kuogelea katika Mto Tiber siku yenye mawimbi, Kaisari akazidiwa na kuomba kuokolewa. Anamsimulia alivyomwona akitetemeka kwa homa huko Hispania. Na kabla ya visa hivyo anatoa msimamo wake: kwamba yeye binafsi, kutokuwepo duniani na kuishi akimwogopa kiumbe aliye kama yeye, yote kwake ni mamoja. Katika Kiingereza neno linalobeba msimamo huo ni lief.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hapa mchapishaji amekosea? Ni life au ni lief?"

Nikamjibu kwamba mchapishaji yuko sawa, ni neno kamili, na Shakespeare amelisogeza makusudi karibu na live kwa sababu milio yake inakaribiana, ili kupenda na kuishi vigongane sikioni mwa msikilizaji. Akauliza tena: "Kama ni neno kamili, mbona hatulisikii popote?"

Swali hilo la pili lilinishika. Lakini siku ile nilitaka kwanza waone ugumu wenyewe. Nikawaambia wafunge tafsiri ya Mwalimu Nyerere, kila mmoja ajaribu kumsemea Cassius kwa Kiswahili chake. Majibu yakaanza kumiminika, nami nikawa nayaandika ubaoni. Mmoja akasema, "Afadhali nisiwepo." Mwingine, "Heri kufa." Wa tatu, "Bora nisingezaliwa." Wa nne, aliyesoma kwa makini zaidi, akasema, "Kwangu ni mamoja." Halafu msichana aliyekaa nyuma, mwenyeji wa Pemba, akasema taratibu, "Kwetu tungesema, mie radhi nisiwepo."

Wenzake wakabishana naye mpaka kengele ya chakula cha jioni. Waliosema afadhali walidai radhi ni ya kuombea msamaha tu. Yeye akashikilia kwamba bibi yake husema "ni radhi nilale njaa kuliko kuomba", na kwamba bibi akisema hivyo hana hesabu yoyote anayoipiga. Ameshakubali kabisa moyoni. Nilipotazama ubao niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kimepangwa hivyo: maneno matano ya Kiswahili ya kuchagulia, na kila moja linachagua kwa njia yake.

Ukoo wa neno

Mwanafunzi wangu alistahili jibu la swali lake, na jibu linaanzia mbali. Kabla Wanormani hawajavuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno hilo lilikuwa leof, na lilitumika kila siku. Lilitumika hata kumwita mkubwa kwa heshima. Ipo barua mashuhuri ya mwanzoni mwa karne ya 10, inayojulikana kama barua ya Fonthill, ambayo mtu mmoja alimwandikia mfalme kueleza kesi ya ardhi. Neno lake la kwanza ni Leof, yaani "mpendwa", kama sisi tunavyoanza barua zetu mpaka leo.

Watoto nao walipewa majina yenye neno hilo. Leofric, mume wa yule Godiva anayesimuliwa katika hadithi za mji wa Coventry, alikuwa mtawala mkubwa wa Mercia, akafariki mwaka 1057. Leofric mwingine alikuwa askofu wa Exeter, akafariki mwaka 1072, na aliliachia kanisa kuu lake kitabu cha mashairi na vitendawili ambacho kimehifadhiwa huko hadi sasa. Wanafunzi walipenda sana kusikia kwamba Waingereza wa kale nao walitegana vitendawili.

Shina lililozaa leof limezaa pia love, mapenzi, na believe, kuamini, kwa kuwa kuamini jambo kulikuwa kulishika kama kitu cha thamani. Limezaa leave, kwa maana ya ruhusa: ninayekupa ruhusa nimependezwa uende. Na hapo ndipo neno hili linapoingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi. Makarani wa zamani wa reli na bandari walikuwa wakisema "fulani yuko livu", yaani yuko likizo. Ile livu ni leave, na leave ni ndugu wa liefer. Wazee wetu waliokuwa wakisubiri barua ya livu ili warudi vijijini kwao walikuwa wamebeba kipande cha neno hili midomoni.

Kilichonivutia zaidi ni namna lilivyokaa katika sentensi. Mwingereza wa kale hakusema "mimi napendelea". Alisema kitu kama "kwangu kingekuwa kipenzi zaidi", jambo ndilo likawa mtenda, na mtu akawa mpokeaji. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu, kwa kuwa sisi nasi tunasema "yanipendeza" na "imenikalia vizuri". Kadiri karne zilivyopita, mtu akajisogeza mbele ya sentensi: ikawa I had liefer, yaani ningelishika kama kipenzi zaidi.

Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilitumia katika sura yake ya zamani, levere. Katika utangulizi wa The Canterbury Tales anatuonyesha mwanachuo wa Oxford, mwembamba, farasi wake amekonda, koti lake limechakaa. Kwa mtu huyo, anasema Chaucer, kuwa na vitabu ishirini kichwani pa kitanda, vyenye majalada meusi au mekundu, vya Aristotle na falsafa yake, ni levere kuliko mavazi ya kitajiri na ala za muziki. Chaucer angeweza kusema vitabu vina faida zaidi. Hakusema hivyo. Alisema kwa mtu huyu vitabu ni vipenzi zaidi, basi.

Niliusoma ukurasa huo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na wakati ule nilikuwa na uamuzi wangu mwenyewe wa kufanya.

Mizani ya Babu

Nilikuwa na nafasi mbili mbele yangu. Moja ilikuwa kazi ya ofisini bandarini, yenye mshahara mzuri na nyumba. Nyingine ilikuwa ualimu. Nyumbani kila mtu alikuwa na la kusema, na wengi waliona jibu liko wazi. Likizo ile nilikwenda Pangani kumsalimu babu yangu, aliyekuwa mwalimu wa madrasa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia umeletewa kazi mbili."

Nikamwambia, "Naona afadhali niende bandarini."

Alikuwa akichambua mpunga kwenye ungo, akitoa mawe kwa kidole kimoja na kuyaweka kando ya mkeka. Hakuinua macho. "Afadhali kwa kipimo gani?"

Sikuwa na jibu la haraka, naye akaendelea kunieleza kwa utaratibu ule ule aliotumia kuwafundisha watoto wa chuoni. Afadhali, alisema, tumelipokea kutoka Kiarabu, afdhal. Ni la mtindo mmoja na akbar, lile la takbira: huo ndio muundo wa Waarabu wa kuonyesha kwamba kitu kimezidi kingine. Mzizi wake ndio uliotupa fadhila, fadhili na ufadhili, na ndani yake mna maana ya kuzidi na kubakiwa na ziada. "Basi ukisema afadhali," akasema, "umedai kwamba umekwisha pima, na upande mmoja umezidi. Haya, niambie umeweka nini upande huu na nini upande ule."

Nikamtajia: mshahara, nyumba, mdogo wangu aliyekuwa bado shuleni. Akatikisa kichwa kukubali. Hayo yote aliyaona ni mambo ya haki, na hakuna hata moja alilolipuuza. Kisha akauliza, "Na moyo wako, uko radhi na lipi?"

"Na kufundisha, Babu."

"Hayo ni maswali mawili. Usiyajibu kwa neno moja."

Hakuniambia nichague nini. Alimaliza mpunga wake, tukala, tukazungumza habari nyingine. Lakini niliporudi Dar es Salaam nilikuwa najua kitu ambacho sikukijua nilipokuja: kwamba hoja zangu zote za bandarini zilikuwa za afadhali, na hoja yangu ya ualimu ilikuwa moja tu, ya radhi, na kwamba kuziweka katika mizani moja hakukuwa halali kwa pande zote mbili. Nilijiuliza kama hoja za afadhali zilinilazimisha. Mdogo wangu alikuwa na wazazi waliokuwa wakimlipia ada. Hakuna aliyekuwa akilala njaa. Nikaandika barua ya kukubali ualimu. Nilikwenda Tanga nikiwa na moyo mweupe, na huo mshahara mdogo sijaulalamikia, kwa kuwa nilijua tangu mwanzo nilikuwa nauachia nini.

Sisemi radhi ishinde kila siku. Miaka mingi baadaye mama yangu aliugua, na kila nilipopiga simu kuuliza hali yake nilijibiwa neno lile lile tunalojibu wote: "Afadhali leo." Neno hilo la mgonjwa ni zuri. Halidai kwamba amepona. Linasema leo imeizidi jana, na linaishia hapo. Wakati huo shule ya Tanga, klabu yangu na wasichana wangu ndivyo vilivyokuwa radhi ya moyo wangu, lakini niliomba uhamisho nikaenda karibu na mama. Nilichagua kwa afadhali, nikijua kabisa kwamba nachagua kwa afadhali. Kwa hiyo sikujidanganya kwamba nimeacha kuipenda ile shule, wala sikumlaumu mama kwa kunitoa huko. Nilimuuguza mpaka mwisho, na nikapata radhi zake, ambazo katika lugha yetu ni neno lile lile.

Rather ilivyoshinda

Turudi kwa mwanafunzi wangu na swali lake: mbona hatulisikii?

Shuleni kwetu palikuwa na mama mmoja Mholanzi aliyefundisha hisabati. Siku moja nikiwa barazani kwake alimshikia mwanawe chungwa mkono huu na embe mkono huu, akamuuliza kitu kwa lugha yao, nami nikanasa neno moja: liever. Nikamuuliza ni neno gani. Akaniambia ni la kawaida kabisa. Wauzaji sokoni wanalisema, watoto wanalisema, mtu akikataa jambo kwa adabu husema liever niet. Lief ni kipenzi, liever ni kipenzi zaidi, liefst ni kipenzi kuliko vyote. Wajerumani nao wanasema lieber kutwa kucha. Na hapa kwetu Afrika, wanaozungumza Kiafrikana huko Afrika Kusini na Namibia wanasema liewer. Ndugu zote hizi za Kiingereza zimebaki na neno lao. Kiingereza ndicho kilichopoteza lake.

Lililochukua nafasi yake ni rather, ambalo leo kila mwanafunzi wa sekondari analijua. Lakini rather nalo lina asili yake. Lilikuwa daraja la juu la rathe, neno la kale lenye maana ya "upesi" au "mapema". John Milton, katika shairi lake Lycidas la mwaka 1637, alilitumia kwa ua linalochanua mapema. Kwa hiyo rather lilikuwa "mapema zaidi", na aliyesema angefanya hili rather kuliko lile alikuwa anasema hili angelianza kwanza. Sooner nalo limepita njia hiyo hiyo. Hata Wafaransa, ambao wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi na Bujumbura wanaijua lugha yao vizuri, wanasema plutôt, yaani plus tôt, mapema zaidi. Waitaliano wana piuttosto. Wajerumani, pamoja na lieber yao, wana eher, ambalo pia ni la wakati.

Njia hiyo ina mantiki. Mtu hukimbilia kwanza anachokitaka. Lakini kukimbilia na kupenda si kitu kimoja, na kwa muda mrefu Mwingereza alikuwa na neno kwa kila kimoja. Kisha katika karne ya 15 watu wakaanza kusema I had rather kwa kuiga I had liefer. Maneno mawili yakawa yanakaa kiti kimoja. Rather lilikuwa na kazi nyingine nyingi za kufanya, likasikika mara nyingi zaidi, na taratibu likakimiliki kiti. Lief likabaki na ile nahau moja, as lief, ambayo Shakespeare aliipenda. Katika karne ya 19 Alfred Tennyson alilirudisha liefer katika tenzi zake za Mfalme Arthur, lakini wakati huo lilikuwa limekwisha kuwa pambo la ukale.

Hilo ndilo jibu nililompa mwanafunzi wangu. Hakuna mfalme aliyelipiga marufuku, hakuna mwalimu aliyelifuta. Watu walimpa neno jingine kazi yake, kidogo kidogo, kila mmoja akidhani haidhuru. Ukitaka leo kumwambia Mwingereza kwa neno moja kwamba kitu fulani ni kipenzi zaidi kwako, na kwamba huzungumzii faida wala wakati, utapata tabu. Atakuwa na I prefer, la Kilatini, lenye maana ya kutanguliza mbele. Atakuwa na rather, la upesi. La moyo limeondoka.

Tulicho nacho

Sasa tazama utajiri wetu. Tuna afadhali, la aliyepima. Tuna heri, kutoka khayr ya Kiarabu, ambalo tangu huko lilikuwa linatumika kulinganisha bila kubadilishwa umbo, na ndani yake mna wema na baraka. Ndiyo maana methali zetu zenye uzito zinaanza nalo: heri kufa macho kuliko kufa moyo, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hakuna hesabu ya faida katika methali hizo. Zinazungumzia kilicho chema kwa binadamu. Tuna bora, la daraja na ubora wa kitu. Tuna mamoja, la asiyeona tofauti. Tuna aula, la kilicho na haki zaidi ya kutangulizwa, ambalo ni la mtindo ule ule wa afdhal, sawa na aghalabu na akali. Na tuna radhi, la moyo uliokubali. Msichana wa Pemba alikuwa na haki: ukinitaka nimfasirie Mwingereza wa karne ya 14 liefer yake, sitakwenda kwenye afadhali. Nitasema "ni radhi".

Lakini nasikiliza. Nasikiliza redioni, ndani ya daladala, katika maofisi, katika jumbe za simu za wajukuu zangu, na ninachosikia ni bora, bora, bora. Bora tuondoke. Bora ungeniambia. Bora nife. Sina ugomvi na bora. Ni neno jema, na vijana wanalitumia kwa ufasaha wao. Hofu yangu ni kile kiti. Nimeona kwa Waingereza jinsi neno moja lenye nguvu linavyokaa juu ya kiti cha mwenzake, na jinsi mwenzake anavyosahauliwa na watu wasiokusudia kumsahau.

Na linaloondoka na neno ni zaidi ya neno. Kijana anayejua kwamba afadhali na radhi ni vitu viwili anaweza kumwambia mzazi, "Mzee, afadhali ni hii, lakini radhi yangu ni ile," na mazungumzo ya nyumba yakaanza mahali pa kweli. Asiyejua atasema tu hii ni bora. Mzazi atajibu kwamba ile ndiyo bora, na watabishana usiku kucha juu ya neno ambalo kila mmoja amelijaza kitu chake. Nimeona ndoa zikifungwa hivyo, kazi zikiachwa hivyo, viwanja vikiuzwa hivyo. Mara nyingi watu wale hawakuwa na tofauti kubwa. Mmoja alikuwa anasema kuhusu faida, mwingine kuhusu moyo, na neno walilokuwa nalo halikuwatenganishia.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu, hasa wanaofundisha lugha zote mbili. Mnapofika kwenye neno la kigeni lisilojulikana, msilipite kwa kuwa halimo katika mtihani. Waulizeni wanafunzi wangelisemaje kwao, kwa bibi zao, kwa lahaja zao, na andikeni majibu yote ubaoni kabla ya kuchagua moja. Kwa wahariri na watafsiri nasema: mnapoona rather, msikimbilie bora kila mara. Angalieni kama aliyesema anapima, anabariki, au anapenda. Na kwa mzazi: mwanao akikuletea uamuzi mzito, muulize swali la afadhali na swali la radhi, moja baada ya jingine, na umsikilize kwa yote mawili.

Waingereza waliacha neno lao la moyo likapotea bila mtu yeyote kuamua lipotee. Sisi letu bado liko hai midomoni mwa bibi zetu. Tulitumie.